Mfuko Wangu na Shimo la Nyuma ya Nyumba ya Mjomba

Kwanza nikuambie kitu ambacho mimi sikuambiwa: mfuko unapiga kelele. Utakuwa umekaa ndani ya teksi, watu wanatazama simu zao, na tumbo lako litatoa sauti kama ya mtu anayekoroma, na huna namna ya kuizuia. Usife kwa aibu. Wengi hudhani ni njaa. Mama mmoja wa Kizulu aliwahi kunipa ndizi.

Naandika haya nikiwa nimepona, au niseme nimefika pale ambapo daktari ananiambia nirudi baada ya miezi sita badala ya wiki mbili. Aliyeniomba niandike ni sista wa mifuko pale hospitali, anayetuhudumia sisi tunaotolea choo tumboni. Alisema wanakuja kwake wanawake wa Kiswahili, Wakongo, Watanzania na sisi wa Komoro, wanamwitikia "yes, yes" kwa kila anachowaambia, halafu wanarudi nyumbani kulia. Kama wewe ni mmoja wao, haya ni yako. Mambo ya kitabibu muulize daktari. Mimi nitakueleza yaliyonipata.

Naitwa Zaliha. Natoka kisiwa cha Ngazidja, kijiji cha mlimani, na Kiswahili changu nilikipata Unguja, nilikokaa kwa shangazi kabla ya kuolewa. Hapa Durban nashona. Nafupisha suruali na kubadilisha zipu kwenye kibanda barabara ya Umbilo. Mume wangu, Nassur, anatengeneza simu mtaa wa Overport.

Sasa lazima nikueleze choo cha kwetu, maana bila hicho hutaelewa kitu. Ngazidja hakuna mto. Maji yetu ni ya mvua, yanashuka kutoka mabatini na kuingia kwenye birika la saruji, na kila kopo lina kazi yake. Na chini ya udongo kidogo kuna jiwe jeusi la volkano. Kuchimba shimo linalozidi urefu wa mtu ni kazi ya wiki nyingi kwa mtalimbo. Ndiyo maana shimo lilikuwa moja tu, nyuma ya nyumba ya mjomba, na nyumba nne tulilitumia. Ukuta wake wa makuti ulifika kifuani. Ukichuchumaa huonekani, ukisimama mnasalimiana na wapita njia.

Usidhani tulikuwa hatuna nyumba. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, na mimi ni binti wa kwanza, kwa hiyo mama na mjomba walinijengea yangu tangu nikiwa mdogo, chumba kimoja kimoja. Ina sebule yenye makochi mekundu na mapazia ya nyuzi za dhahabu, maana sebule ndiyo itakayoonekana siku ya harusi. Choo hakikuwekwa. Nani anampeleka mgeni wa harusi akatazame choo?

Sisi wasichana tulifundishwa kusubiri. Unakwenda alfajiri, ukikosa alfajiri unangoja magharibi, na ukienda unakwenda haraka na hutazami chini. Tabia hiyo nilikuja nayo Durban. Kwenye fleti yetu Umbilo tulikuwa familia tatu, watu kumi na mmoja, choo kimoja. Choo chenyewe kizuri, cha kukaa, cha kuvuta maji. Mimi nilikitumia kama shimo la mjomba. Naingia, namaliza, navuta, natoka, macho yangu yako ukutani.

Kwa hiyo damu sijui ilianza lini.

Ukisahau yote niliyoandika, kumbuka hili: tazama. Tazama chooni kila siku, hata kama unaona kinyaa. Mimi nilikuja kuiona kwa bahati, siku maji yalipokatika jengo zima na sikuweza kuvuta. Nilisimama pale nikifikiri ni ya mtu mwingine aliyeingia kabla yangu. Nilikuwa tayari nimekonda, sketi naifunga kwa pini, na nilikuwa nimejiambia ni uchovu wa cherehani.

Kliniki utaijua mwenyewe. Viti vimepangwa kwa mstari, na mtu wa mbele akiitwa wote mnahama kiti kimoja. Nilihama viti asubuhi nzima. Pembeni yangu alikaa babu mmoja aliyekuwa anaacha gazeti lake kwenye kiti anachohama, na mimi nikifika naliokota na kumpa, na yeye analiacha tena. Wakaniandikia barua ya hospitali, na hospitali ikawa na viti vyake, na baada ya kipimo cha kuingizwa mrija daktari akatuita wote wawili. Alizungumza kwa muda. Nassur akanigeukia na kutafsiri, "Anasema ni kidonda." Alisahau kwamba neno kansa halihitaji mkalimani. Nikamwachia afikiri sijasikia.

Walinipasua majira ya baridi. Nilipozinduka kulikuwa na mfuko upande wa kushoto wa tumbo langu, na ndani ya mfuko kulikuwa na kitu chekundu, chenye unyevu, ncha ya utumbo wangu, kilichokuwa mimi. Siku tatu sista alinibadilishia huku mimi nikitazama dari. Ya nne akaweka kioo kidogo kitandani. "Leo hutoki hapa bila kutazama," akasema. Nikatazama. Nililia, na yeye akakaa mpaka nikamaliza, kisha akanipa mkasi na kunionyesha jinsi ya kukata tundu la gundi liwe saizi yangu. Akaniuliza kama nataka kukipa jina, wengine wanafanya hivyo. Nikakiita Mgeni, kwa sababu anaingia bila hodi.

Nyumbani ndiko kulikuwa kugumu. Kuubadilisha ule mfuko mwanzoni kulinichukua dakika arobaini. Wiki ya kwanza Mama Divine, yule Mkongo wa chumba cha mbele mwenye saluni, aligonga mlango wa choo mpaka bawaba zikacheza.

"Dada Zaliha, unafanyaka nini mule ndani? Batoto banachelewa ku masomo. Choo iko moja, haiko ya weye mwenyewe."

Nilichoka kubuni uongo. Nikafungua mlango vile nilivyokuwa, blauzi imeshikwa kwa meno, mfuko mchafu mkononi.

Mama Divine alinyamaza, na kumfanya Mama Divine anyamaze si kazi ndogo. "Mungu wangu," akasema taratibu. "Depuis quand?"

"Tangu operesheni."

"Na hukuniambia ju ya nini?"

"Aibu."

"Aibu ya nini? Minazala batoto batano, dada. Hakuna kitu mu mwili ya mutu inaweza kunishangaza." Akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akanishikia taulo.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na karatasi kwenye mlango, imeandikwa kwa kalamu nene: saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja ni ya Zaliha, mutu asigonge. Ni ile nusu saa ambayo kila mtu anaitaka, kabla ya kazi na shule. Watu kumi waliniachia. Maji yalipokatika tena kiangazi, siku mbili, Mama Divine aliyabeba kwa madumu kutoka kituo cha mafuta pale kwa robot, kwenye taa za barabarani, akipanda ghorofa nne, kwanza dumu langu ndipo lake. Sijawahi kupata maneno ya kumshukuru, na nikijaribu ananiambia, "Eish, wacha hiyo."

Nassur alikuwa jambo jingine. Alikuwa mwema, akipika, akifua, lakini alikuwa analala ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyekodishiwa nafasi. Nilijua ni harufu. Nilichukia kwamba nilijua. Mimi nami nilikuwa nimeacha kuswali, maana udhu wa mtu mwenye Mgeni unakaa dakika ngapi? Sikumwambia, lakini aliona mkeka wangu umekunjwa wiki baada ya wiki. Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini na kuongea akiwa amenipa mgongo, anavua viatu. Alikuwa amemfuata sheikh, yeye anayeona haya hata kuuliza bei, na akamweleza kila kitu. "Amesema utawadhe kila swala inapoingia, uswali kama ulivyo," akasema. "Amesema hata kama kinatoka ukiwa umesujudu." Nikamwambia asante. Usiku ule hakulala ukingoni.

Chemo zilikuwa nane. Ya kwanza ilikuja na mwisho wa baridi. Ya pili iliondoa ladha ya kila kitu isipokuwa limau. Ya tatu ilinikalia kwenye vidole, nikawa nashindwa kutunga uzi sindanoni, na nilikuwa na mkataba wa sare za shule. Ya nne iliangukia kwenye joto, na joto la Durban, nalisema wazi, ni adui wa gundi. Unatoka jasho, pembe zinafunguka, na utajua uko katikati ya duka. Nenda na mfuko wa akiba kila mahali, na mkanda wa karatasi, na nguo nyeusi.

Haya yote mama yangu hakuyajua.

Tulizungumza kila Jumapili. Alikuwa anatuma sauti kwenye WhatsApp, ndefu, kuku wakisikika nyuma, na kila moja iliishia kwenye swali moja: unakuja lini? Nilikuwa na majibu yangu. Kazi nyingi. Sare za shule. Nassur hana likizo. Mama alikuwa mtu wa presha, na nilijiambia habari ya kansa itamuua. Hilo ndilo nililowaambia watu. Ukweli ni kwamba sikutaka mama anione. Yeye ndiye aliyenifundisha usafi, kopo na mkono wa kushoto, na sasa uchafu wangu ulikuwa unaning'inia mbele ya tumbo.

Baada ya chemo ya nne damu yangu ilishuka, daktari akasema nipumzike mwezi mzima. Nassur akasema, "Nenda kamwone mama. Hili ni kama tumepewa." Makaratasi yangu ya kusafiri yalikuwa sawa, na daktari hakukataa. Wiki hiyohiyo mdogo wangu, Saidi, alipiga simu. "Dada, mama presha imempanda tena. Njoo, hata wiki moja."

Nikaliona shimo la mjomba. Nikaliona kopo moja la maji. Nikajiona nimesimama nyuma ya makuti yanayofika kifuani, mara sita kwa siku, na mfuko, na gundi, na wake za binamu zangu wakinisalimia. Nikasema, "Saidi, nije nifikie wapi? Huko hakuna hata choo."

"Sawa, dada," akasema, na tukaagana.

Ningeweza kuongeza sentensi moja tu. Ningeweza kusema, naumwa, na ugonjwa wangu unataka maji na mlango. Sikuisema. Nikaenda kulala.

Baada ya hapo mama aliacha kuniuliza nakuja lini. Nilifurahi, nikadhani ameelewa. Akaanza maswali mengine, na mimi nikiwa kwenye chemo ya tano, ya sita, kinywa kimejaa vidonda, nilimjibu kwa mkato.

"Huko kwenu chooni mnakaa au mnachuchumaa?"

"Tunakaa, mama."

"Na maji yanatoka ukutani?"

"Ndiyo."

"Nguo unatundika wapi ukiwa ndani?"

"Kuna kulabu mlangoni. Mama, mbona maswali haya?"

"Mtu hawezi kuuliza mwanawe anavyoishi?" akasema, na akacheka, na akaanza habari ya mvua, kwamba birika limejaa mpaka juu.

Nilimwambia Nassur mama anaanza kuzeeka. Nilipanga kwamba chemo ya nane ikiisha nitakwenda, nitamwambia uso kwa uso, nitamfungulia blauzi kama nilivyomfungulia Mama Divine. Nilinunua hata kitambaa cha kumpelekea, cha zambarau, rangi yake. Chemo ya nane ilikwisha joto likianza kupungua. Siku ya tisa baada yake Saidi alipiga simu, na kwa jinsi alivyotaja jina langu kabla ya salamu, nikajua.

Kwetu maiti hailazwi. Mama walimzika siku hiyohiyo, mimi nikiwa nimekaa sakafuni Umbilo na Mama Divine amenishika kichwa. Alikuwa anaimba taratibu nyimbo za kanisa lake, na sikuona kosa.

Nilikwenda kwa arobaini. Ndege tatu, na mfuko unajaa hewa angani, uupunguze kila unapopata choo. Nilikuwa nimejiandaa kwa shimo. Nilibeba madumu ya kukunja, tochi, khanga mbili za kujizungushia, na nilikuwa nimeamua atakayetazama atazame. Saidi alinipokea uwanjani. Njiani nikamuuliza mama alikufaje, maana kwenye simu alisema kaanguka tu.

"Alianguka njiani akienda chooni," akasema. "Asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha, yale mawe yanateleza. Akagonga kichwa."

"Kwa mjomba?"

Alikuwa anatazama barabara kwa makini kuliko ilivyohitaji.

Tulipofika, wanawake walikuwa wameshajaa sebuleni, kwenye makochi mekundu, na waliniacha nilie. Kisha Saidi akanishika mkono na kunipeleka ndani, kupita chumba changu, mahali palipokuwa na ukuta. Sasa palikuwa na mlango.

Kilikuwa chumba kidogo. Kulikuwa na choo cha kukaa, cheupe, kilichokwishatumika kwingine, kina ufa uliozibwa kwa saruji. Vigae vilikuwa vya aina tatu kwa sababu vilikuwa mabaki ya nyumba za watu. Bomba lilitoka ukutani, na juu ya paa kulikuwa na pipa linalojazwa kutoka birikani. Nyuma ya mlango kulikuwa na kulabu mbili. Komeo lilikuwa bado limefungwa kwenye nailoni yake ya dukani.

"Siku ile nilipokupigia, simu ilikuwa kwenye spika," Saidi akasema. "Alikuwa amekaa hapo pembeni yangu. Akasema, mwanangu amezoea vyoo vya Afrika Kusini, siwezi kumlaumu, kosa ni langu niliyemjengea sebule bila choo. Saruji niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya harusi yangu aliichukua yote. Mjomba alimgombeza, hakusikia. Wachimbaji walipiga jiwe miezi mitatu. Yeye alikuwa anabeba kokoto kwa ndoo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alitaka ufike ukione."

Nikauliza lile nililokuwa nimeshalijua tangu garini. "Kilikuwa kimekwisha? Siku alipoanguka?"

"Wiki mbili kabla." Saidi alikuwa analia waziwazi. "Alikataza mtu yeyote kukitumia, dada. Hata yeye mwenyewe. Alisema utakifungua wewe. Tulimwambia, mama, mvua hii, mawe haya. Akasema ameyapita maisha yake yote."

Nilimwomba aniache. Nikaichana ile nailoni kwa meno, nikafunga komeo. Nikatundika begi langu kwenye kulabu ya juu na khanga kwenye ya chini, na zote mbili zilikuwa mahali ambapo mkono unafika bila kuinuka. Nikakaa. Nikafungua bomba na maji yakatoka. Nikamhudumia Mgeni taratibu, bila haraka, na nikatazama kila kitu kama nilivyofundishwa. Nje wanawake walikuwa wanasoma hitima. Sijawahi kuwa na choo kilichonifaa kama kile, na sijui kama kuna mtu ameshalia vile ndani ya choo.

Nilipotoka nilimshika mkono mke wa mjomba, ambaye magoti yake yamekwisha, nikamwambia aingie. Akakataa, akasema ni cha kwangu. Nikainua blauzi pale pale mbele ya wanawake wote, wakaona mfuko, wakaelewa kila kitu kwa wakati mmoja, na mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Mama yako alijua?"

Nikasema hapana. Mke wa mjomba akaingia, na wengine wakapanga foleni nyuma yake, na hadi leo mlango ule haufungwi kwa mtu. Saidi amelifukia shimo la mjomba.

Sasa nakurudia wewe uliye kwenye viti, unayehama kimoja kimoja na barua mkononi. Najua kuna mtu hujamwambia. Najua sababu zako, nilikuwa nazo zote, na zilikuwa nzuri. Mpigie simu leo, umtajie ugonjwa wako kwa jina lake, kabla hajaanza kubeba kokoto.